Vidole Vitatu vya Namba Arobaini na Saba

Nimewahi kumkata vidole vitatu mtu ambaye hata mjini hakuwapo. Siku hiyo Ramazani alikuwa Bengamisa, ameketi kwenye matanga ya mama mkwe wake, mikono yote miwili imetulia juu ya magoti. Mimi nilikuwa Kisangani, katika biro, yaani ofisi, ya wafanyakazi ya kiwanda cha mbao, nimeketi vilevile. Nikachukua bik, nikaandika kwamba msumeno umemkata vidole vitatu vya mkono wa kuume. Nikapiga muhuri. Nikaangalia maandishi yangu, nikayaona mazuri.

Vidole vya Ramazani viliendelea na maisha yao bila habari. Yule aliyekatwa kweli ndiye aliyebaki hana vidole wala karatasi.

Ninyi mliobaki kwenye ile biro mliniomba, siku ya kuniaga, niwaachie maandishi kuhusu kazi ya ajali. Mkanipa na zawadi: kiti chenye mikono na mto wa kuegemea. Mlifikiri vizuri, wanangu. Nilipokifikisha nyumbani juu ya toleka, baiskeli yenyewe ikilia chini yake, jirani yangu Mama Zaina alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Aliweka mchi chini ili acheke vizuri.

“Papa Faustin, banakutoa ku kiti, na banakupatia tena kiti?”

Ndicho nilichokalia sasa ninapoandika. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nimechoka, na kiti kinanielewa.

Bon. Nianze mwanzo.

Nilipoingia kiwandani nilikuwa na diploma ya sekondari, shati moja jeupe, na wazo kwamba kazi ya biro ni kazi ya kivuli. Aliyenipokea ni Papa Ngongo, karani wa ajali, mtu mwembamba aliyetembea na mwavuli hata jua likiwaka. Alinionyesha meza, mashine ya kuandika, karatasi za kaboni ambazo zilitia weusi mikono kuliko zilivyotia weusi karatasi, na kitabu cha ajali kilichofungwa kwa kamba ya kiatu. Nikavuta kiti nikae.

“Bado,” akasema. “Simama kwanza.”

Akanipeleka mahali magogo yanapotolewa mtoni, halafu kwenye msumeno mkubwa, halafu kwa wale wanaonoa meno ya misumeno. Kila mahali alinishika kiwiko akanisimamisha pale anaposimama mfanyakazi. “Unaona sasa? Mukono yake inapita huku. Macho yake haione huku.” Tulizunguka asubuhi nzima. Viatu vyangu vilijaa unga wa mbao. Tuliporudi biro akanifundisha maswali matatu ya kumuuliza mtu aliyeumia, na akataka niyarudie kama mtoto wa katekisimu: Jina lako ni nani? Ulikuwa unafanya nini? Ni nani aliyekuambia ufanye?

“La tatu njo mwenye dosie,” alisema, yaani ndilo lenye faili lote. “Mutu akisema nani alimutuma, kazi inajulikana ni ya nani. Usilisahau hata siku moja.”

Kazi yenyewe si ya kushangaza. Mfanyakazi akiumia, mwajiri anajaza karatasi ya ajali na kuipeleka haraka, siku ni chache, kwa inspekta wa kazi na kwa Caisse, yaani ile ofisi ya serikali inayoshika pensheni za watu na kuwatunza walioumia kazini. Daktari anaandika cheti cha kwanza: jeraha ni hili, liko hapa. Likipona, anaandika cheti cha mwisho. Halafu daktari wa Caisse anampima mtu mwenyewe, anaamua mwili wake umepungua kiasi gani, na kama umepungua sana, anapata rente, yaani malipo ya kila mara mpaka mwisho wa maisha yake. Ukisoma hivi unaona ni njia iliyonyooka. Hata barabara ya Bengamisa kwenye ramani imenyooka.

Mara ya kwanza Papa Ngongo aliponipeleka hospitali kumuona mgonjwa, mguu ulikuwa umebanwa na gogo. Daktari alifunua bandeji. Nakumbuka dirisha, nakumbuka nzi mmoja, halafu nakumbuka niko chini. Wauguzi walinitafutia kitanda kabla ya mwenye mguu. Yule mgonjwa mwenyewe aliinua kichwa akauliza, “Huyu naye banamukanyaga na gogo?” Tangu siku hiyo sikuipenda hospitali, nayo sidhani ilinikumbuka kwa wema.

Papa Ngongo, yeye, alikwenda kila mara. Kuna fundi mmoja wa kunoa misumeno aliyeanguka kwenye toleka asubuhi akija kazini, akavunjika bega. Ajali ya njiani nayo ni ajali ya kazi, lishikeni hilo, mradi mtu awe katika njia yake ya kawaida kutoka nyumbani kwenda kazini. Caisse ikajibu kwamba fundi alianguka mbele ya nganda, mahali pa bia, donc, yaani kwa hiyo, aliiacha njia yake. Mimi ningeandika barua ya kulalamika, yenye heshima nyingi. Papa Ngongo alifungua mwavuli, akatembea ile njia yote kwa miguu, akarudi na matope mpaka magotini na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Barabara iliyonyooka ilikuwa imeliwa na mvua. Toleka zote za mtaa ule zilipita mbele ya nganda, hata zinazobeba masista. Aliandika hivyohivyo, na masista akawaweka ndani. Dosie ikapita.

Nilimsifu sana. Nilimsifu nikiwa nimeketi.

Alipopata pensheni yake akaniachia kitabu chenye kamba ya kiatu, na mwavuli. Kitabu nilikitumia. Mwavuli niliutundika nyuma ya mlango, ukakaa huko mpaka buibui wakaufanya makao. Niligundua kwamba watu walioumia wanaandikika vizuri zaidi kama huwaoni. Shefu wa atelye, msimamizi wa karakana, alikuwa analeta habari dirishani, mimi nafungua rejista, natoa jina, tarehe ya kuzaliwa, mke, watoto. Mwenye kupeleka barua anapanda toleka, anakwenda hospitali, anarudi na cheti. Dosie zangu zilikuwa safi. Watu wa Caisse walizisifu. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuona damu.

Sasa niwaeleze habari ya jeton, kwa sababu siku hizi mnatumia kidole kwenye kimashini na hamwezi kujua. Langoni palikuwa na ubao wa misumari. Kila mfanyakazi alikuwa na jeton yake, kipande cha bati chenye namba. Anaichukua akiingia, anaitundika akitoka. Msumari ukiwa wazi, mtu yuko ndani. Na sisi hapa Kisangani, mtu akifiwa, hawezi kuacha matanga kwa sababu ya bati. Ruhusa ilikuwa ya siku mbili, na matanga hayajui siku mbili. Basi ilikuwa desturi: mfiwa anamwachia mwenzake jeton. Mwenzake anaingia, anachukua namba, anafanya kazi, msumari haubaki na bati, na mahali pa mtu panalindwa. Mlinzi wa lango alijua. Shefu alijua. Mimi nilijua pia. Rejista tu ndiyo haikujua.

Ramazani alikuwa namba arobaini na saba. Baba yake alitoka Maniema, mke wake ni mtu wa Bengamisa. Mama mkwe alipokufa, Ramazani alimwachia jeton rafiki yake Botuli, mvuvi wa Wagenia, kijiji cha wavuvi. Maji yalikuwa yamejaa majira yale, mitego ya kule kwenye maporomoko haikamati kitu maji yakipanda namna hiyo, na Botuli alikuwa hana kazi. Shefu akamtazama mabega, akamweka kwenye msumeno. Siku ya tatu, msumeno ukachukua vidole vitatu.

Nilisikia kelele. Nilisikia gari likiondoka kwa nguvu. Halafu kichwa cha shefu kikaingia dirishani.

“Makumi ine na saba anakatwa. Bidole bitatu, ya kuume.”

“Pole,” nikasema. Nikafungua rejista. Arobaini na saba: Ramazani.

Mnataka kujua hospitali ilikuwa mbali kiasi gani. Haikuwa mbali. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, viatu vyangu vilikuwa vipya, na nyumbani mke wangu alikuwa ameahidi lituma, ndizi za kupondwa, na lituma ikipoa inakuwa kama tofali. Nikajaza karatasi, nikamtuma mwenye barua. Daktari wa zamu hospitalini alikuwa na watu wengi. Akapokea karatasi yangu, akamuuliza mtu aliyelala mbele yake:

“Weye njo Ramazani?”

Na Botuli, mkono umefungwa shuka, damu imepita kwenye shuka, alifikiri kwanza kazi ya rafiki yake. Akisema hapana, msumari wa arobaini na saba umekwisha. Akajibu:

“Njo miye.”

Daktari akanakili jina langu, yaani jina nililoandika. Karatasi mbili zikakubaliana, na karatasi mbili zikikubaliana, nani atamuuliza mtu?

Ramazani aliporudi kutoka Bengamisa alikuta ameumia. Walinzi langoni walimpa pole. Shefu, ambaye aliogopa kuliko wote, aliwakutanisha wote wawili nyuma ya rundo la mbao akawaambia wanyamaze: Ramazani akae nyumbani kama mgonjwa, akipewa kitu cha ugonjwa ampelekee Botuli, na mambo yatapita. Ramazani alifanya hivyo. Kila alichopokea alikipeleka Wagenia, hakuweka mfukoni hata siku moja. Hilo Botuli mwenyewe aliniambia baadaye. Kwa miezi mingi mtu mzima mwenye vidole kumi alikaa nyumbani kwake akificha mkono wa kuume mfukoni kila alipopita jirani. Na mimi, mwenye dosie, sikuwa na habari yoyote. Dosie yangu ilikuwa safi.

Jeraha likapona, cheti cha mwisho kikatoka, na Caisse ikamwita Ramazani aje kupimwa na daktari wao. Ikaniita na mimi, kwa vile sahihi ilikuwa yangu. Nilikwenda nikilalamika njia nzima.

Daktari wa Caisse alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Sisi tulikuwa watatu mbele yake. Nilidhani yule wa tatu ni mtu wa kusindikiza.

“Ramazani ni nani?”

“Ni miye, docteur.” Akatoa kitambulisho, karata yake ya uchaguzi. Picha ni yake, jina ni lake.

“Leta mukono.”

Ramazani akatoa mkono mfukoni, polepole, kama mtoto aliyeficha kitu shuleni. Daktari akavaa miwani. Akahesabu. Akaugeuza, akahesabu tena upande wa pili.

“Bizuri sana,” akasema. “Banakushonea wapi? Niambie, na miye nitume bagonjwa yangu kule.”

Halafu yule wa tatu akasogea mbele, akafungua kitambaa.

“Docteur, mukono iko huku.”

Mmoja alileta karata, mwingine alileta mkono. Kilibaki kidole gumba na kidole kidogo, na kati yao ngozi nyekundu iliyokunjana. Nilishika meza. Safari hii sikuanguka. Sijui kama ni ujasiri au ni uzee.

Daktari akawaangalia wote wawili, akanigeukia mimi.

“Na weye, Papa. Weye njo uliandika?”

“Ni miye, docteur.”

“Ulimuona huyu mutu?”

“Niliona jina lake.”

Aliivua ile miwani. “Miye sipime majina,” akasema, akafunga dosie. Juu yake akaandika neno moja tu, la udanganyifu, na kwa neno hilo Botuli hakuwa mtu aliyeumia kazini tena. Alikuwa mwizi mwenye vidole viwili.

Nje, kwenye ngazi, Ramazani alilia kwa hasira. Botuli hakulia. Alikuwa anajaribu kukifunga kile kitambaa tena kwa mkono wa kushoto na meno, na hakikubali.

Kesho yake nilimtafuta Papa Ngongo. Alikuwa anakaa upande wa Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, macho yamefifia, anasikiliza redio isiyokamata vizuri. Nikamsimulia yote. Nilianza na jeton, nikaendelea na shefu, na daktari wa zamu, na maji yaliyojaa. Nilikuwa na watu wengi wa kulaumu, niliwapanga vizuri. Akaningoja nimalize.

“Ulimuuliza maswali matatu?”

“Sikumuuliza, Papa.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Akazima redio. “Basi enda umuulize leo,” akasema. “Ule mutu angali anakungoja.”

Nilitaka anitukane ili nipumzike, hakunitukana.

Nikaenda Wagenia. Sikuwa nimefika kule tangu utoto, nami nimezaliwa mji huuhuu. Nimeshawaambia ninyi kwamba mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Maji yalikuwa yameshuka, wanaume wako juu ya miti iliyosimikwa kwenye mawe, wanafunga vikapu vikubwa vya mitego kwa kamba za msitu. Botuli hakuwa juu ya miti. Alikuwa amekaa ukingoni na kikapu kimoja katikati ya miguu, ncha ya kamba iko kwenye meno, mkono wa kushoto unazungusha, na kile kidole gumba cha kuume kinajaribu kubana fundo. Kila alipovuta, fundo lilifunguka. Nilisimama pale nikaona limefunguka mara nne.

“Njo weye Papa wa biro,” akasema bila kugeuka. “Nilifikiri uko mutu mukubwa.”

“Miye niko mukubwa ku tumbo tu.”

Akatoa kamba mdomoni. “Unafuata nini? Shefu alisema tunyamaze. Tulinyamaza. Sasa banasema tuko bezi.”

Nikakaa kwenye jiwe, suruali yangu ya biro ikalowa. Nikatoa karatasi. “Jina lako ni nani?”

Akaniangalia kama ninamdhihaki. “Unanijua.”

“Sikujue. Sikukuuliza hata siku moja. Jina lako ni nani?”

Akanipa jina lake lote, la baba na la babu. Nikaandika.

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nasukuma mbao ku msumeno.”

“Nani alikuambia usukume?”

“Shefu. Alinishika na mabega, akaniweka pale. Akasema, weye uko na nguvu, simama huku.” Akaangalia mkono wake. “Papa, fundo moja tu. Kama ningeweza kufunga fundo moja, singekusumbua. Lakini mutu asiyeweza kufunga, kule juu ya miti anaenda kufanya nini? Kuangalia maji?”

Hapo ndipo mjifunze kitu, ninyi mliobaki. Sheria haiulizi kama jina la mtu liko kwenye ubao wa misumari. Inauliza kama alikuwa anafanya kazi ya mwajiri, kwa amri ya mwajiri. Mwenye mkataba, mwenye kibarua cha siku moja, mwenye jeton ya rafiki yake: shefu akimshika mabega akamweka kwenye msumeno, ni mfanyakazi. Na kama siku za mwajiri za kupeleka karatasi zimekwisha, aliyeumia bado anaweza kujipeleka mwenyewe. Muda wake ni mrefu zaidi. Watu wengi hawajui hivyo, wanakaa nyumbani wakifikiri mlango umefungwa. Waambieni. Msingoje waulize.

Nilirudi kiwandani nikamweleza patron, mwenye kiwanda. Alinisikiliza, halafu akafunga mlango. Hakutaka kusikia kwamba kiwanda kilimtumia mtu asiyeandikwa.

“Andika alikuwa anapita,” akasema. “Aliingia kutafuta rafiki yake, akagusa mashine. Uko karibu na pensheni yako, Faustin. Andika kitu kidogo, kazi iishe.”

Ningependa kuwaambia nilimjibu kwa ushujaa. Nilisema, “Ndiyo, patron,” nikarudi kwenye meza. Niliketi pale mpaka sireni ya mchana ikalia. Nikajaribu kuiandika ile sentensi: alikuwa anapita. Ni sentensi fupi, haina makosa. Niliikaribia mara mbili, na kila mara nilimuona yule mtu na kamba kwenye meno. Ndio ubaya wa kumuona mtu.

Nikaandika barua nyingine, ndefu, kwa inspekta wa kazi na kwa Caisse. Niliandika kwamba mimi, karani wa ajali, nilitoa jina kwenye rejista bila kumuona aliyeumia. Kwamba hospitali ilikuwa karibu nami sikwenda. Kwamba Botuli alijibu jina la mwenzake ili asimpotezee kazi, na Ramazani hakula kitu chake. Kwamba shefu ndiye aliyemweka kwenye msumeno. Tukawatafuta mashahidi, shefu alikataa, lakini wawili waliombeba mpaka kwenye gari walikubali kuweka sahihi, mmoja kwa kidole gumba. Botuli akajaza karatasi yake mwenyewe, kwa jina lake, na mimi nikashika ile karatasi isihame wakati anaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala. Sijawahi kupeleka Caisse dosie chafu kama ile.

Halafu tukangoja. Sitawachosha na habari za kungoja, mtaijua wenyewe. Dosie ilipotea, ikaonekana, ikaonekana bila cheti. Inspekta alihamishwa. Mgomo ulikuja, ukaisha, ukarudi. Nilimaliza miaka zaidi ya mitatu nikienda pale Caisse, mimi ambaye sikupenda hata kwenda kununua kwanga, mkate wa muhogo, kona ya pili. Niliutoa mwavuli nyuma ya mlango, nikawaondoa buibui kwa heshima. Botuli tulikutana naye kwenye benchi la Caisse mara nyingi hivi kwamba watu walidhani ni mdogo wangu. Siku moja alichelewa, karani wa pale akaniuliza, “Mukono yako iko wapi leo?”

Patron hakunifukuza. Alinipunguzia maneno tu: habari ya asubuhi, habari ya jioni. Shefu na Ramazani walipewa barua za onyo. Mimi, mwenye kosa, sikupewa hata barua. Kuna siku nilitamani nipewe.

Mwishowe yule mama mwenye miwani akamwita Botuli. Akauliza jina lake, akaliangalia kwenye karata, akauliza mkono, akaupima. Safari hii vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Akanitazama mimi niliyekaa kwenye benchi nyuma.

“Na huyu, ulimuona?”

“Nilimuona, docteur. Nimechoka kumuona.”

Akatabasamu upande mmoja, akaweka sahihi.

Rente ikatoka. Lakini ilianza kwenye karatasi ya pili, ile yenye herufi zilizolala. Muda wote wa nyuma, wa karatasi yangu safi, haukuhesabiwa. Na kabla haijatoka, Botuli alikuwa ameshampa mdogo wake mahali pake kwenye miti ya Wagenia, kwa sababu mahali pale hapawezi kukaa bure, lazima pawe na mtu wa kufunga. Siku alipopata karatasi ya rente nilimwambia, “Sasa unaweza kupumzika.” Akasema, “Papa, nilikuwa sijachoka.”

Tangu nimepata pensheni ananitembelea mara moja moja. Analeta samaki wa mdogo wake. Anakaa kwenye ngazi, mimi nakaa kwenye kiti chenu, tunasema habari za maji kama yamepanda au yameshuka. Hajawahi kunirudishia lile kosa langu la karatasi. Mke wangu anampa lituma, anakula kwa mkono wa kushoto. Kila mara natazama pembeni mpaka amalize.

Basi ndiyo kazi yenyewe. Sina mengi ya kuongeza. Vaeni viatu vya zamani.

Jana nilimsomea Mama Zaina haya yote juu ya ua, ili nisikie kama yanasikika vizuri. Aliendelea kutwanga. Nilisoma habari ya Caisse, ya mwavuli, ya miaka zaidi ya mitatu, na ile barua ndefu niliisoma kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu naipenda. Nilipomaliza hakusema ni nzuri. Aliuliza:

“Kutoka ku biro yako mpaka ku hospitali, ni mwendo gani?”

“Dakika kumi,” nikasema. “Kumi na tano kama kuna matope.”

Akatwanga mara mbili tatu, akachungulia ndani ya kinu, akainua kichwa.

“Donc ule papa alipoteza miti yake sababu weye uliogopa matope.”